Kitanda cha Wafula

Dagoretti Corner,
Nairobi.

Kwako Mama Wafula,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mtoto, na kwamba kile kikohozi chake kimeisha. Mimi sijambo. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu kila nikifika kwa habari ya nyumba unanikatia. Karatasi huwezi kuikatia. Hata ukiichana, utakuwa umeshaisoma kidogo.

Tulipanga uje mahindi yakishavunwa. Sasa unasema huji, eti mtoto wako hatalala kwenye takataka za matajiri wa Lavington. Nimelifikiria neno hilo sana nikikata nyasi za watu hao hao. Basi acha nikueleze chumba kilivyo, kisha uamue.

Kuta ni mabati. Kila msumari nimeuwekea kifuniko cha soda ili mvua isipenye, na ndani nimebandika katoni kwa uji wa unga wa ngano, kwa hiyo baridi ya asubuhi haiingii sana. Maji yako kwenye ndoo mbili zilizokuwa za rangi. Chumvi, sukari na majani ya chai vimo kwenye chupa za jamu. Vifuniko vyake nimevipigilia chini ya rafu, chupa zinaning'inia, unazungusha tu. Pazia lilikuwa shuka. Sukuma wiki inaota mlangoni ndani ya mitungi ya mafuta niliyoikata. Ni kweli, vyote hivyo vilitupwa na watu. Lakini wewe mwenyewe unapimia wateja mahindi kwa mkebe wa mafuta ya kupikia, na sijasikia mtu akisema unauza takataka.

Sasa kitanda cha Wafula. Hapo ndipo pana maneno, na ni heri uyasikie kwangu.

Kazini nilikuta kiti cha kubembea kimewekwa nje ya geti pamoja na mifuko ya taka. Mbao ngumu, hazina hata tundu la mdudu. Nikakibeba kichwani hadi hapa. Nikanunua skrubu River Road, nikakikata, nikakiunga upya kikawa kitanda kidogo chenye kingo, na zile mbao mbili za kubembea nikaziacha chini. Ukikigusa kinabembea chenyewe. Nilijisifu peke yangu, kwa kuwa hapakuwa na wa kunisifu.

Rosa, anayepika pale kazini, ndiye aliyeniharibia. Aliniuliza, "Baba Wafula, ile kiti ulipeleka wapi?" Nikamweleza. Akashika mdomo. "Uuwi! Hiyo ni kiti ya mzee. Si alifia hapo akisoma gazeti?"

Mzee ni yule Mhindi mpole niliyekwambia alifariki, mume wa mama tunayemfanyia kazi. Sikuwahi kuingia sebuleni kwao, ningejuaje? Na unajua kwetu vitu vya marehemu havichukuliwi hivi hivi. Koti la baba sikulivaa mpaka baba mdogo aliponivisha mbele ya watu baada ya mazishi. Na hapa nilikuwa nimebeba kiti cha mzee wa watu na kumtengenezea mtoto wangu mahali pa kulala. Niliogopa. Nilifikiria kukichoma.

Badala yake nilimwendea mama mwenyewe. Alikuwa anamwagilia waridi kwa maji aliyooshea mchele. Nikamwambia kiti ninacho mimi, na ninataka anipe.

"Lakini mimi nilitupa," akasema. "Yako tayari."

"Kutupa si kupeana, mama. Kwetu lazima mwenyewe aseme."

Akaweka sufuria chini. "Umefanya nini na hiyo kiti?"

"Nimeikata. Sasa ni kitanda ya mtoto."

Akafuta mikono kwenye nguo yake. Nikajua kazi imeisha. Kisha akauliza, "Bado inabembea?"

"Inabembea, mama."

Akaingia ndani, akakawia mpaka nikaanza kurudi kwenye nyasi zangu. Akatoka na mto mdogo mwekundu, umefifia katikati mahali mzee alipoegemea. "Hii sikuweza kutupa," akasema. Akauweka mikononi mwangu kwa mikono yake yote miwili. "Kiti nimekupa. Mtoto alale."

Nilisema asante, nikaenda kumalizia nyasi.

Nisalimie mama yangu, na kaka yako fundi cherehani, na jirani anayetukamulia maziwa. Barua hii anaileta binamu yangu, anayekuja huko kwa matanga. Mpe jibu aje nalo.

Mama Wafula, vitu vingine vya humu niliokota, sikatai. Kitanda nilipewa. Jioni nikirudi nakigusa kwa mguu nikipita, kinabembea kitupu, na hiyo ndiyo inaniumiza. Njoo na mtoto.

Ni mimi mumeo,
Baba Wafula