Sisi wa Ghorofa ya Saba

Ghorofa ya Saba,
Mlango wa mwisho kushoto.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na ule mgongo uliokuwa unakusumbua sasa unakuacha ulale. Shemeji hajambo? Na wapwa wangu, bado wanagombania dirisha kila wakipanda gari? Sisi huku tunaendelea vizuri. Wifi yako yuko na zamu zake, binti yetu yuko kwa mumewe na wanaelewana mpaka tunashangaa, na mimi niko vilevile unavyonijua. Tumbo limeongezeka kidogo, lakini si la kutangazwa.

Kwenye simu uliniuliza, "Mnahama au hamhami?" nami nikasingizia mtandao. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa, Dada. Sikuwa na jibu, na wewe ukiuliza swali hutaki porojo, unataka jibu. Leo ninalo, ila nitalifikia kwa mwendo wangu. Hamkuniita Konokono bure.

Mambo yenyewe ni haya. Wifi yako ameitwa akawe mkunga mkuu katika hospitali ya mji mdogo, mwendo wa siku nzima kwa basi kutoka hapa. Atapewa nyumba isiyo na ghorofa, yenye uwani na bomba. Wodi ni ndogo, na mama akijifungua wiki hii, wiki ijayo unakutana naye sokoni na mtoto wake mgongoni. Hapa jijini amezalisha watoto mpaka hesabu imempotea, na hajawahi kukutana barabarani na hata mmoja akamjua.

Alinieleza hayo yote akikunja nguo, bila kunitazama. Mwisho akasema, "Bila wewe siendi. Ukisema tubaki, tunabaki, na sitalirudia tena." Afadhali angenigombeza! Unamjua wifi yako, akisema halirudii, halirudii kweli. Ningebaki nalisikia mimi peke yangu mpaka nazikwa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Shida ni kazi yangu. Mimi ni fundi lifti, na mji ule hauna lifti hata moja. Jengo lao refu kuliko yote ni ghala la ghorofa moja, na juu hupandwa kwa ngazi ya mbao. Kwenda kule na ufundi wangu ni sawa na kuuza vitana kwa wenye vipara.

Hata hivyo tulikwenda kutazama. Kwanza tukapelekwa kwenye ofisi ya hospitali, chumba kidogo chenye mabenchi pande zote, watu wamekaa wanangoja kuhudumiwa. Wifi yako akaingia na salamu zake. Mimi nikaingia, nikageuka, nikasimama kimya nikiutazama mlango, nimewapa watu wote mgongo. Kwenye lifti ndio ustaarabu wenyewe, Dada: unaingia, unageukia mlango, unanyamaza. Nimefanya hivyo tangu ujana, na mwili umezoea kuliko akili.

Nyuma yangu nikasikia mtu anauliza, "Jamani, huyu bwana tumemkosea nini?"

Wifi yako alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Ilibidi awaeleze kazi yangu ndipo wakanisamehe. Yule aliyeuliza ni mwenye mashine ya kusaga, bonge la mtu lenye unga mpaka kwenye kope. Akanishika mkono papo hapo, akanipeleka kwake nikatazame mota yake inayokoroma. Nikamwambia mimi ni wa lifti. Akanijibu, "Mota ni mota tu, bwana."

Ati mota ni mota tu! Mimi ambaye watu wakikwama gizani, wakisikia sauti yangu kwa juu wanaacha kulia. Mimi niliyefanya kazi nimening'inia mahali ambapo ndege wanapita chini yangu. Leo nikakaze mkanda wa mashine ya unga? Niliukaza, tukanywa chai, akanishukuru sana. Lakini moyoni nilinuna, na nilirudi jijini nimeshaamua kusema hapana. Nilikuwa natafuta siku tu.

Sasa sikia maajabu. Wakati wote huo lifti ya jengo letu ilikuwa mbovu. Si ya kampuni yetu, na ningeigusa ningejitafutia balaa kazini. Kwa hiyo mchana nilikuwa napandisha watu wa mitaa mingine, na jioni napanda kwa miguu mpaka ghorofa ya saba. Mganga hajigangi, watoto wa jengo walikuwa wananiimbia hivyo kila nikipita.

Jioni moja natoka kazini, nafika ghorofa ya nne, namkuta wifi yako amekaa kwenye ngazi. Amevua viatu, mkoba mapajani, amelala usingizi. Alikuwa ametoka zamu, miguu imemvimba kama ya wajawazito wake. Mbele yangu alikuwa anapanda jirani mmoja, bwana wa mkoba wa ngozi. Akasema "samahani" bila kusimama, akainua mguu, akamruka mke wangu kama anavyoruka ndoo ya deki.

Hakuwa na nia mbaya, najua. Pengine na mimi nimeshawahi kumruka mtu hivyo. Ila iliniuma, Dada. Iliniuma sana, siwezi kukuficha.

Nikakaa pembeni yake. Alipofumbua macho nikamuuliza, "Nyumba ile ina ngazi ngapi?"

"Ina kizingiti tu."

"Basi twende."

Akanitazama vizuri. "Unakubali kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya magoti yangu," nikamwambia. Akacheka, akavaa viatu, tukamalizia kupanda. Kesho yake akaanza kukusanya maboksi.

Wiki ile ile wakaja mafundi wa kampuni nyingine, wakaitengeneza lifti. Niliisikiliza ikipanda na kushuka nikitafuta kosa, sikuliona. Kazi safi. Majirani walipiga makofi, wazee wakashuka hadi chini kununua vitu wasivyovihitaji. Nami nikabaki na kisingizio cha magoti kimeniyeyukia mkononi.

Nilirudi nikakuta maboksi yamekunjwa na kuegeshwa nyuma ya mlango, hayajatupwa wala hayajajazwa. Wifi yako aliniandalia chakula, akaniuliza habari za kazi. Alikuwa ananipa nafasi ya kurudi nyuma, na ukweli ni kwamba nilitaka kuichukua. Kila nikipanda ile lifti nilijiambia, mbona hapa pazuri, tatizo lilikuwa ngazi tu. Nikawa namkwepa mke wangu ndani ya vyumba viwili, na hiyo nayo ni kazi.

Jana tulitoka sokoni pamoja. Tukaingia kwenye lifti na majirani wawili: mama fundi cherehani wa ghorofa ya nne, na yule yule bwana wa mkoba wa ngozi. Kama kawaida, wote tukageukia mlango. Wote kimya, macho kwenye namba. Moja. Mbili. Nikamtazama wifi yako kwa pembeni. Naye anatazama namba, ameshika kikapu kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kujua jibu na anajizoeza kuishi nalo.

Nikageuka. Nikaupa mlango mgongo, nikawatazama usoni. Dada, ungewaona! Mmoja akakimbilia kutazama viatu vyake, mwingine dari. Moyo ulinidunda kuliko siku yoyote niliyoning'inia kwenye kamba.

"Hamjambo, jamani," nikasema. "Mimi na mke wangu tunahama mwisho wa mwezi huu. Nimeona tuwaage."

Mama fundi cherehani akauliza kwa upole kabisa, "Kwani ninyi mnakaa ghorofa ya ngapi?"

Miaka kumi na miwili tunapishana naye hapo!

"Ya saba," akajibu wifi yako, na nilipomtazama, naye ameshageuka. Akanishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hajalifanya tangu harusi yetu. Mlango ukafunguka ghorofa ya nne na mama fundi hakushuka. Alitusindikiza mpaka juu akiuliza tunakwenda wapi, nani atatupokea, na bwana wa mkoba akajitolea kubeba maboksi.

Kwa hiyo jibu lako ndilo hilo: tunahama. Naogopa, Dada. Naogopa kuamka asubuhi mahali ambapo hakuna anayenihitaji, isipokuwa mtu mmoja mwenye unga kwenye kope. Wewe ulitangulia kuhama na hukuwahi kutuambia kama uliogopa. Ukiniandikia, niambie ukweli.

Msalimie Shemeji. Msalimie Chiriku na umwambie mjomba anasubiri ile hadithi yake isiyoisha, na Kitindamimba mpe busu la shavu, akikataa mshike kwa nguvu. Wifi yako anakusalimu kwa mikono miwili, anasema usimwamini mumewe akisema ni magoti. Mungu akulindie mgongo na nyumba, na atukutanishe tukiwa bado tunatambuana.

Barua zako zijazo usiandike tena ghorofa wala mlango. Jina langu pia usisumbuke nalo, kule halimjulishi mtu chochote. Wewe taja ule mji, kisha andika "Mume wa Mkunga". Wanasema itafika.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye kila siku,
Konokono.