Waya Mwembamba wa Bweni la Wasichana

Jumatatu, 4 Machi

Bweni jipya la wasichana limepata umeme. Fundi ni mdogo wangu wa mwisho, yule ambaye mama humwita Injinia mbele za watu. Cheti hana. Mdomo anao wa kuwatosha mafundi watatu. Mkuu wa shule amempenda kwa sababu hujibu "ndiyo mama" kabla swali halijaisha. Jumamosi anakuja mgeni rasmi kuzindua. Utepe umeshanunuliwa, mkasi pia.

Jioni matroni akaniita. "Mwalimu, ukuta wa chumba cha kupigia pasi una homa." Nikadhani utani. Nikaweka kiganja pale juu ya soketi. Moto! Wasichana wanne walikuwa wananyoosha sare, hawana habari. Mimi nafundisha fizikia mwaka wa kumi na tisa huu. Ukuta haupati homa bure.

Jumanne, 5 Machi

Nimemuuliza Injinia ametumia waya gani. Akacheka. "Dada, umeme unapita kama risasi. Utapata saa ngapi nafasi ya kupasha waya?"

Hapo nikakosea. Nikaanza kufundisha. Nikamwambia ndani ya shaba elektroni nyingine hazina atomi zinayoiita kwao, zinazurura tu. Ukiwasha swichi, kinachokwenda kasi ni msukumo — unazifikia zote karibu papo hapo, ndiyo maana taa haichelewi. Zenyewe zinajikokota. Saa nzima, mita mbili tatu. Na umeme huu wetu wa kwenda na kurudi, hata hizo hazifiki, zinacheza palepale. Kila zikigonga atomi zinaziachia nishati. Atomi zinatetemeka zaidi, na kutetemeka huko ndiko joto. Sasa ubane umeme uleule kwenye waya mwembamba: kila elektroni inasukumwa kasi zaidi, inagonga kwa nguvu zaidi. Waya ukipata moto, njia inazidi kuwa ngumu.

Alinisikiliza kama mtu anayesubiri mvua ikatike.

Chai ya saa nne, ofisi nzima ya walimu inacheka. Ameshawasimulia: dada yangu anasema umeme ni konokono. Mwalimu wa historia, ambaye maishani hajabadilisha balbu, akaniuliza taa yake ikichelewa kuwaka amlaumu konokono yupi. Nikanywa chai yangu.

Alhamisi, 7 Machi

Nimezima umeme wa bweni, nikafungua soketi mwenyewe. Waya wa taa. Waya wa taa unalisha pasi nne! Ganda lake limeshageuka rangi ya chai. Na fyuzi ameweka kubwa, isije ikakatika ikamwaibisha. Hapo hakuteleza, hapo alifikiri.

Nikaenda kwa mkuu. Alikuwa anachagua kitambaa cha meza ya mgeni. Akanisikiliza, akashika cha kijani, akakirudisha. "Mwalimu, ya familia yenu malizeni nyumbani. Na wiki hii tafadhali tupumzike na fizikia." Nayaandika maneno haya nisije nikadhani niliyaota. Kabla sijatoka ofisini, alishaagiza umeme wa bweni uwashwe.

Kumbe Injinia ameshafika kwa mama. Simu ikalia. Mama anasema mdogo wako ndiyo kwanza anapata jina, wewe ndiye mkubwa, msitiri. Nikamwambia mama, juu ya kile chumba wanalala wasichana arobaini. "Basi mseme," akasema, "lakini mseme taratibu."

Ijumaa, 8 Machi

Injinia alifelia fizikia mikononi mwangu. Kidato cha pili. Nilimsimamisha ubaoni, nikamuuliza umeme unakwendaje, akasema unakimbia. Darasa zima likacheka.

Aliyeanza kucheka ni mimi.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika nikiwa chumba cha kupigia pasi, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mlango nimeufunga kwa ndani.

Saa mbili asubuhi pasi zilikuwa tano, sare za gwaride. Harufu ya plastiki ikanipokea ngazini. Nikawatoa wasichana wote bweni zima, nikazima swichi kuu, nikang'oa fyuzi. Imo kwenye mkoba wangu, pamoja na chaki. Mkuu akamtuma matroni: mgeni yuko getini, umeme uko wapi? Nikajibu, mwambie uko kwangu.

Injinia akaja amevaa koti la harusi yake. Nikamfungulia peke yake. "Dada, irudishe. Usinifanyie hivi mbele za watu."

"Weka mkono ukutani."

"Dada."

"Weka."

Akaweka. Nilikuwa na somo zima mdomoni, nikalimeza. Akautoa mkono haraka, akautazama, akaurudisha tena kama anayetaka kuhakikisha. Umeme ulikuwa umezimwa robo saa nzima.

"Kwa hiyo zinagonga," akasema.

"Zinagonga."

"Na waya ukiwa mwembamba zinagonga zaidi." Hakuwa anauliza.

Akavua koti, akatafuta pa kulitundika, akakosa, akanipa mimi. Akasema waya mnene haukupatikana wiki ile, na mkuu alitaka taa ziwake kabla ya mgeni, na yeye alishasema ndiyo. Nikamwambia najua. Kisha nikamwambia na la ubaoni, kwamba nilikosa mimi. Akasema hakumbuki. Mwongo. Masikio yamemwiva.

Sasa anafungua soketi. Skrubu moja imetoka. Nje bendi ya shule imeanza kupiga. Mkuu amefika mlangoni, anagonga, anatuita wote wawili, na nyuma yake nasikia viatu vya watu wengi. Skrubu ya pili imegoma. Injinia ameacha kuizungusha.

"Dada," anasema, "ukifungua mlango, nani anaanza kusema?"