Majina Yaliyobaki Ndani ya Kompyuta

Jumapili, 3 Machi. Masisi

Misa imekwisha, maharage yako motoni, kompyuta iko mezani. Kazi yangu ya kila Jumapili: kupanga mitandao isiyo na waya. Mashine hii inakumbuka kila mahali nilipowahi kuomba code ya kuingia mtandaoni. Ya paruasi, kanisani kwetu. Ya jirani muuza simenti. Ya hoteli moja ya Goma ambako nilikunywa soda moja tu ili nikae asubuhi nzima. Ya hospitali ya Kirotshe, wakati mama amelazwa. Leo nimeipandisha ya paruasi juu kabisa ili mashine iitafute kwanza. Ilikuwa inang'ang'ania ya jirani, inashika, inaachia, inashika tena.

Sifuti hata moja. Code haipatikani bure. Unaomba, unatabasamu, unanunua kitu usichokitaka. Paluku, mume wangu, amepita na chai yake akanicheka: "Weye uko unachunga bacode sawa ng'ombe." Anacheka nini? Sisi wote wawili ni watu wa Butembo, na kwetu hatutupi kitu ambacho kesho kinaweza kutumika.

Kuna moja ambayo ingefaa niifute. Ya wale wenye silaha wa kule juu mlimani, karibu na kwa Papa Faustin, mfugaji anayetuuzia fromaji, jibini ya maziwa ya ng'ombe wake. Jina la mtandao ndilo jina la kundi lao, wazi kabisa. Sitaliandika hapa. Kule hakuna antena nyingine. Watengeneza fromaji wote wanatumia ile, na katekista, na mwalimu. Hakuna anayeona ajabu. Nilikuwa nimeshaichagua ili niiondoe, nikaacha. Nikipanda tena kwa Papa Faustin nitaihitaji.

Jumanne, 5 Machi. Kibua

Nimefika na pikipiki. Mgongo umekufa. Depo yetu ya kuuzia bidhaa iko salama, chumvi imepata unyevu kidogo, sabuni nzima. Mama Kahindo, mwenye nyumba, amenipikia sombe, majani ya mihogo, kabla sijaomba. Mungu ambariki.

Kompyuta nimeiacha Masisi. Chaja iliungua, fundi anaitengeneza. Paluku ataniletea Ijumaa akija na mzigo wa fromaji.

Bariyeri, kizuizi cha barabara pale darajani, imebadilisha wenyewe. Wale wa zamani walichukua sigara wakakuachia njia. Wapya ni maadui wa wale wa mlimani, na wamekaa ndani ya nyumba ya ushirika wa maziwa. Wanapekua simu. Picha, majina, ujumbe. Mbele yangu kulikuwa na mwalimu mwenye kompyuta. Waliiweka juu ya bidoni, dumu tupu la mafuta, wakamwamuru aifungue. Mmoja wao anajua mambo. Alikwenda moja kwa moja kwenye mitandao iliyohifadhiwa, akamwuliza jina kwa jina: hii ya wapi, hii ya nani. Mwalimu alijibu vizuri, akapita. Mimi nilipita na pagne zangu za kitenge.

Paluku asije na ile mashine.

Jumatano, 6 Machi

Hapa simu haishiki bondeni. Lazima kupanda kilima nyuma ya shamba la mihogo. Nimepanda. Mvua. Simu ya Paluku imezimwa. Nimeshuka.

Nimeuza sabuni siku nzima bila kusikia watu wanasema nini.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepanda asubuhi, nimepanda tena baada ya chakula. Mara ya pili simu imelia, haikupokelewa. Nimeandika ujumbe: Acha kompyuta nyumbani. Usije nayo. Nikautuma tena na tena huku nimenyoosha mkono juu kama mtu anayeomba baraka. Wachunga mbuzi walinitazama.

Nina hasira naye. Kwa nini anazima simu? Anatunza betri, najua. Mimi ndiye niliyemfundisha kutunza.

Ijumaa, 8 Machi

Ujumbe haukufika. Nimejua kwa njia mbaya.

Motari Espoir, yule mwendesha pikipiki anayetubebea mafuta ya mawese, ameshuka saa za mchana. Hakuzima hata pikipiki. "Mama, bale ba bariyeri balimushika bwana yako. Ordinatere, ile kompyuta yako, inakatala kufunguka. Banasema muntu mwenye hajuwe code ya masini yake, iko na kitu anaficha."

Nikamwuliza wamemweka wapi. Akatazama gurudumu. Kuna shimo nyuma ya nyumba ya maziwa, walikuwa wanatupa humo majivu. Ndimo wanamoweka watu.

Fromaji wamekwisha kuzila.

Jumamosi, 9 Machi

Sikwenda leo. Niandike ukweli: niliogopa. Nimekaa nyuma ya kaunta nikifikiri na kichwa hakitoki mahali pamoja.

Paluku hajui neno la siri la kompyuta. Hajawahi kuliuliza, sijawahi kumwambia. Nisipokwenda kuifungua, atabaki shimoni mpaka wachoke naye. Na watu wa aina ile wakichoka hawakurudishii mtu wako. Nikienda, nikifungua, jina la wale wa mlimani limo ndani. Yule anayejua mambo atalikuta. Hapo tutakuwa wawili shimoni, ama hata shimo hatutaliona.

Nimejaribu kujipa moyo. Mlima uko mbali na daraja, antena yao haifiki pale. Kwa hiyo jina halitatokea kwenye mitandao iliyo karibu. Litakuwa kwenye yale ya zamani tu, mpaka mtu afungue dirisha lile la ndani. Labda yule mjuzi hatakuwa zamu. Labda betri imekufa. Ninaomba betri iwe imekufa, mimi niliyelipa chaja itengenezwe.

Ningeweza kuifuta Jumapili ile. Kubonyeza mara moja tu.

Mama Kahindo ameingia bila kubisha. Hakuniambia nisilie. Amesema nivae kama ninakwenda misa, nibebe sabuni na chumvi, na nisijibu swali ambalo sijaulizwa. "Na usijifanye mujinga sana. Bale banajua." Halafu akanipa kitambaa chake cha kichwa, kile cha Pasaka.

Jumapili, 10 Machi

Nimerudi. Tumerudi. Nataka kuandika kabla sijaanza kuongeza chumvi.

Espoir alinipeleka asubuhi. Komanda wao ni mtu mfupi, mpole wa sauti, ana kikohozi. Kompyuta ilikuwa juu ya meza ambayo zamani walipimia maziwa. Ilikuwa kwenye chaja, jenereta inanguruma nje. Betri haikuwa imekufa. Yule mjuzi alikuwepo. Paluku sikumwona.

Nikaandika neno la siri. Mashine ikafunguka. Na kabla sijagusa kitu kingine, pale chini kwenye kona, vistari vikajaa. Imeshika mtandao. Yenyewe.

Mjuzi aliona kabla yangu. Akamwambia komanda. Komanda akasogeza kiti. "Ulitosha wapi code ya hapa, nani alikupa?"

Nikasoma jina: Laiterie, ndiyo nyumba ya maziwa kwa Kifaransa. Nikatazama ukutani. Kisanduku cha antena kilikuwa palepale kilipokuwa siku zote, kimefunikwa na mfuko wa plastiki. Wenye nyumba walikimbia, kisanduku kilibaki. Nikajibu kama ilivyokuwa. Nilikuwa ninangoja fromaji kwenye benchi lile pale nje. Katibu wa ushirika alichukua mashine yangu akaingiza code kwa mkono wake, mimi sikuiona. Mashine haikusahau. Mimi kila Jumapili nililipita jina lile bila kukumbuka ni la wapi.

Ikawa hawanitazami tena mimi. Wanatazama kompyuta. Tangu waingie katika nyumba ile simu zao zinaona Laiterie na zinaombwa code, na katibu alikwenda nayo alikokimbilia. Wamejaribu majina yote ya watakatifu. Komanda akasema: kama iko humo ndani, itoe.

Inaweza kutolewa. Unafungua dirisha la mitandao iliyohifadhiwa, unachagua jina, unaingia ndani, unaiambia mashine ionyeshe herufi badala ya nukta. Lakini dirisha ni lile lile. Majina yote mstari kwa mstari. Jinsi ya kumfungulia moja bila kumfunulia jingine sikuijua, na siijui mpaka sasa.

Nikafungua. Paruasi. Jirani. Hoteli. Kirotshe. Laiterie. Na chini yake, lile. Nikaingia haraka kwenye Laiterie, kidirisha kidogo kikafunika nusu. Herufi zikatokea: jina la ng'ombe na tarakimu za mwaka. Mjuzi akazinakili kwenye kiganja. Baada ya kitambo kidogo simu zikaanza kulia kila pembe, ujumbe wa miezi mingi unaingia kwa mkupuo. Kijana mmoja mwenye bunduki alikaa chini sakafuni akasikiliza sauti ya mwanamke, akairudia. Wengine walitoka nje na simu zao. Nilidhani imekwisha.

Komanda hakutoka. Alifunga kile kidirisha kidogo kwa kidole chake mwenyewe. "Na hii?"

Sikujifanya mjinga. "Tunauzisha fromaji, commandant. Kule njo kunatoka fromaji. Antena iko moja."

Alikohoa sana. Alipomaliza alikaa akilitazama lile jina. Niliwaza juu ya kitambaa cha Mama Kahindo, nani atamrudishia. Kisha akasema kwa sauti ile ile: "Mbele ya vita nilikuwa naikula, ile fromaji." Akaisogeza kompyuta kwangu. "Futa."

Nikafuta.

"Futa yote."

Nikafuta paruasi. Nikafuta jirani, hoteli. Kwenye Kirotshe kidole kilisita. Mama alifia mle, na kwa mtandao ule niliwaandikia ndugu zangu. Ni upuuzi, ni neno tu kwenye mashine. Niliumia hata hivyo. Nikafuta. Laiterie ya mwisho, alitaka aione ikitoka kwa macho yake. Dirisha likabaki jeupe.

Ndipo wakamleta Paluku. Ana majivu mpaka kwenye kope. Anatembea ameshika ubavu. Alipoiona kompyuta imefunguliwa mbele yangu alisimama, uso ukabadilika, nikafikiri ni maumivu. Sabuni na chumvi zilibaki mezani. Hakuna aliyetuaga.

Jumatatu, 11 Machi

Kituo cha afya wamemfunga ubavu. Mbavu mbili, wanafikiri. Hawana mashine ya kuhakikisha. Anakunywa uji, halafu analala. Hasemi kitu. Nami siulizi.

Kitambaa nimekifua, nimekirudisha.

Alhamisi, 14 Machi

Depo wazi. Chumvi imeuzwa yote, hata ile ya unyevu. Espoir anasema siku hizi bariyeri ni rahisi, vijana wameinamia simu, unawapigia honi ndipo wainue kamba. Wateja walicheka. Mimi pia, kisha nikajisikia vibaya. Code ile ilikuwa mali ya watu wa maziwa. Nimeigawa kwa watu waliowafukuza. Ningeigawa tena leo.

Papa Faustin ametuma salamu kwa mdomo wa motari, anauliza oda. Nimemjibu kwa mdomo huo huo. Itachukua siku kufika. Haidhuru.

Jumapili, 17 Machi

Hatukwenda misa, Paluku hawezi kukaa kwenye benchi. Nimemkanda ubavu kwa maji ya moto. Leo ameongea.

Siku ya kwanza walimwuliza mashine ni ya nani. Alisema ni yake. Angesema ni ya mke wake, wangemtuma mtu aje kunichukua. Wakasema basi ifungue. Akasema hajui neno la siri.

Analijua. Amelijua kwa miaka. Kila Jumapili anapita nyuma yangu na chai yake, na mimi ninaandika kwa vidole viwili, polepole, kama mtoto wa shule. Alijua pia jina gani limo ndani, kwa sababu ndiyo orodha aliyokuwa ananichekea. Wakampiga alitaje neno la siri. Akasema hajui. Usiku wakampiga tena, akasema hajui. Na Jumapili walipomtoa akanikuta nimekaa mbele ya komanda, nimefungua mwenyewe.

Amenieleza haya akitazama dari, bila lawama, kama mtu anayeeleza hali ya barabara. Nimeendelea kukanda mpaka maji yakapoa.

Baadaye nimebadilisha neno la siri, nikaja kukaa kitandani nimwambie jipya. Akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Hii usiniambie." Akageukia ukuta, upande usiouma.