Kona Zisizokutana

3 Machi

Mkwe wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo pamoja na mumeo. Mimi mzima, isipokuwa goti linalonikumbusha umri kila nikipanda ngazi. Wewe je? Kichefuchefu kimepungua? Usilazimishe chakula asubuhi. Tafuna kitu kikavu kabla hujainuka kitandani.

Ndani ya kifurushi hiki mna blanketi la viraka la mjukuu wangu. Nililianza siku ileile mliponipa habari. Safu tano nimezimaliza, zilizobaki viraka vyake nimevikata tayari, na pamba ya kuweka katikati imo. Ni macho, mwanangu. Barua bado yanaisoma kwa miwani, lakini tundu la sindano yamelikataa kabisa. Nikakumbuka siku uliyokuja kutambulishwa, nilipokuuliza kama unajua kushona ukasema, "Najua, Mama." Basi limalizie. Napenda mtoto ajifunike kazi ya mikono yetu sote wawili.

Mumeo usimpe alishike. Huyo hata kamba za viatu zinamshinda.

Mama yenu

28 Machi

Mama, shikamoo.

Sisi wazima. Kichefuchefu kimeniachia, sasa ni usingizi tu. Mwanao nilipomwambia nakuandikia alisema neno moja, "Msalimie," akarudi kwenye gazeti lake. Ndiyo maana kazini kwao wanamwita Kimya.

Mama, nina jambo la aibu. Siku ile nilikudanganya. Ninachojua ni kushona kifungo, na hicho nacho hakidumu wiki. Ulikuwa unaniangalia kwa upendo, dada zako wamekaa upande wa pili kama majaji, nikaona nikisema sijui nimeanguka mtihani kabla ya chai.

Nimejaribu. Kazi yangu ni kupima viwanja, kutwa nanyoosha mipaka ya watu, lakini mstari wangu wa uzi unakwenda kama njia ya kuku. Kona za viraka hazikutani. Nimeshona nikafumua, nimeshona nikafumua, mpaka kiraka kimoja kimeanza kutoka nyuzi. Nikiilaza safu yangu kando ya zako, uso unaniwaka. Naomba nilirudishe, ulitafutie fundi kabla sijakuharibia.

Mkweo mwenye haya

12 Aprili

Mwanangu, marahaba.

Mimi sijambo. Nimecheka mpaka jirani akaja kugonga mlango akidhani nimepaliwa. Kumbe dada zangu walikutisha? Mmoja wao ndiye aliyemshonea marehemu baba mkwe wako suruali, mguu mmoja ukatoka mrefu kuliko mwenzake, naye akaivaa hivyohivyo siku ya harusi yetu maana hakuwa na nyingine.

Hulirudishi. Nisikilize. Kushona vibaya hakuui kitambaa, kinachokiua ni kufumua. Kila ukifumua unabaki na matundu, ukishona tena unaongeza mengine, mwishowe uzi hauna pa kushika. Shona mara moja, piga pasi, songa mbele. Kona zikikataa kukutana, basi zisalimiane kwa mbali.

Na uongo wako nilishausamehe. Nilikuona jinsi ulivyoshika kikombe kwa mikono miwili.

Mama yenu

9 Mei

Mama, shikamoo. U hali gani na goti?

Mtoto ameanza kucheza. Jana nilikuwa ofisini nimeinamia ramani, akanipiga kwa ndani, nikacheka peke yangu wenzangu wakanigeukia.

Safu nne nimeziunga na zako. Kona moja imekutana, kweli imekutana, nikamwita mwanao kutoka bafuni aje aione. Akaja na povu masikioni. Akasema, "Naona."

Lakini wenzangu wa kazini walipokuja kunitembelea, niliukunja upande wangu ndani wakaona wako tu. Mmoja akasema, "Hatukujua una mkono mzuri hivi." Sikumsahihisha. Waliondoka, nikabaki nimekaa nalo mapajani nikijionea aibu. Ni kwamba Mama, mtoto huyu nataka apate kitu kizuri kuliko ninachoweza mimi.

Mkweo

2 Julai

Mkwe wangu,

Habari za huko? Barua mbili nimetuma, hii ni ya tatu. U mzima? Mtoto je? Nikimpigia mumeo anasema, "Tupo, Mama," halafu nasikia pumzi tu. Nilidhani ni hili sikio langu, lakini jirani naye amesikiliza, hakusikia kitu.

Kama mzaha wangu ulikukwaza, nisamehe. Mdomo wa uzeeni hauna mlango. Hata ukiwa umelitupa blanketi, niambie tu.

Mama yenu

8 Agosti

Mama, shikamoo.

Sijui nianzie wapi. Mtoto hayupo. Tulimpoteza mwezi wa sita, kabla ya wakati wake. Daktari alisema hakuna nilichokosea, muuguzi akarudia vilevile, nami nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia.

Mwanao usimlaumu. Mimi ndiye niliyemkataza asikuambie. Kila nilipofikiria wewe unapata habari hiyo, nilitamani ardhi ipasuke nizame. Ulinipa vitu viwili nikutunzie, vyote vimeharibikia kwangu. Najua si kweli. Lakini ndivyo ninavyoamka kila asubuhi.

Niliporudi kutoka hospitali nilifunga mlango wa chumba, nikachukua mkasi, nikazifumua safu zangu zote. Pale mshono wangu uliposhikana na wako nilivuta kwa hasira, kitambaa chako kikachanika. Nakurudishia vyote pamoja na barua hii: safu zako nimezifunga kwenye karatasi. Viraka vyangu viko kwenye mfuko, unaweza kuvifanya vitambaa vya kufutia meza. Ukipata mkwe mwingine mwenye mkono, mpe yeye amalizie.

Usipokuwa na la kunijibu, nitaelewa.

Mimi

22 Agosti

Mwanangu,

Pole. Pole sana, mama. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, nikakaa palepale kwenye ngazi. Nimemlilia mjukuu wangu. Na nimelia tena kwa kuwa wewe ulimlilia peke yako, chumba kimefungwa.

Sitakuambia utapata mwingine. Watakaokuambia hivyo ni wengi, waache waseme. Wala sitakuambia usione aibu, aibu haitoki kwa amri. Ila mikono yako haikuhusika na jambo lile, na mimi sikuwa nakuandikia kwa ajili ya tumbo. Nilikuwa nakuandikia wewe.

Blanketi nimelirudia mwenyewe. Jirani ananitungia uzi, mimi nashona kwa kupapasa. Viraka vyako nimevirudisha vyote. Vingine vimejaa matundu, nimelazimika kuvipunguza, sasa safu zimepinda kuliko ulivyozipinda wewe, na zile zangu za mwanzo nazo zimevutwa zikaenda upande. Dada zangu walikuja wakaliona. Yule wa suruali akauliza, "Nani kashona hivi?" Nikasema ni mimi. Mwanangu, uso uliniwaka, mimi niliyewafundisha nusu ya mtaa huu kushika sindano. Nikaonja kidogo ulichokuwa unakisikia. Lakini sikulikunja. Niliwaandalia chai, likabaki palepale kwenye kiti.

Nakuja nalo mwanzoni mwa mwezi. Pale palipochanika sijapaziba, nakusubiri. Usifagie wala usihangaike kupika kwa ajili yangu.

Mama yako

2 Oktoba

Mama, shikamoo.

Natumaini ulifika salama na safari haikukuchosha. Nyumba imepwaya tangu uondoke. Pindo tulilomalizia limeanza kuachia upande mmoja, upande nilioshona mimi. Nitapitisha uzi juu yake.

Nataka nikusimulie jana. Tuliporudi kutoka kituoni tulikokusindikiza, mwanao hakushika gazeti. Alikaa kitandani, akavuta blanketi magotini. Ni dogo, lilikuwa la mtoto, linafunika magoti tu. Akawa anapitisha kidole juu ya kile kipande cha shati lake tulichozibia.

"Hapa ndipo palipochanika?"

"Ndipo."

"Nilikuwa nyuma ya mlango," akasema. "Nilisikia mkasi. Sikujua kama nigonge."

Mama, miezi yote hii nilidhani alikuwa jikoni. Nilidhani ananyamaza kwa sababu ananiona nimeshindwa. Nilimwambia hivyo, kwa maneno hayohayo. Akalia. Sijawahi kumwona akilia, na alilia vibaya, kama mtu asiyejua inavyofanywa. Nikasogea, blanketi likatufunika goti moja moja.

Halafu akaniambia alikuwa amemchagulia mtoto jina tangu Aprili. Hakulitaja kwa sababu aliogopa nitasema ni mapema mno, na baadaye aliona haya kulitaja kwa mtoto ambaye hakuja. Nikamwomba alitaje. Akalitaja, nami nikalirudia. Ni jina zuri, Mama.

Sitaliandika hapa. Amesema anataka kukuambia mwenyewe, atakupigia Jumapili. Itamchukua muda kuanza. Tafadhali usikate simu.

Mwanao