Kofia Aliyoikatalia Kirsten

Dada yangu Marlys,

Theluji imelifunika gari langu, na goti bado linanisumbua.

Jumamosi, kwenye mechi ya timu ya chuo chetu, mchezaji wetu mmoja aligongwa kichwa, akawa anayumba. Kirsten, mwanafunzi niliyemfundisha miaka mitatu kuhudumia majeruhi uwanjani, akamnyang'anya kofia yake ngumu ya kuchezea, ambayo bila hiyo haruhusiwi mtu kucheza, ili asirudi mchezoni.

Kocha akafoka, "We binti, nani kakufundisha ujinga huu?"

"Profesa Greta," akajibu.

Hospitalini walikuta damu inavuja ubongoni. Kijana atapona. Lakini tulishindwa mchezo, na leo mkuu wa kitivo ametaka nimwombe kocha radhi. Mimi, mwalimu wa miaka ishirini na sita! Nimekataa, wameninyang'anya ukuu wa idara. Kirsten amelia sana. Nimemwambia Jumamosi ijayo afanye vilevile.

Mdogo wako mkaidi,
Greta