Evarista na Kengele ya Shule

Jumatatu, 28 Aprili 2025
Leo kichwa juu. Mwanangu Evarista kapewa kengele ya shule. Wa darasa la pili! Wa darasa la saba wapo, kachaguliwa yeye. Mwalimu mkuu Philbert kaniambia mwenyewe, huyu hawezi kuchelewa. Na hospitali kule Iringa walisema ana Down sindromu, kila kitu atachelewa. Haya, shule nzima sasa inamfuata nani? Nimewaambia wote kwenye mpunga tukiamia ndege. Yunisi akasema, "Mama Evarista, ndege wenyewe wamekimbia maneno yako." Wivu tu.

Jumatano, 30 Aprili
Kaamka kabla yangu, kajipaka mafuta, kavaa sweta. Kengele yenyewe ni ringi ya lori, imening'inizwa nje ya dirisha la ofisi, unaipiga kwa kipande cha nondo. Mpaka huku nyumbani naisikia. Mkono wake ni wangu kabisa. Nimempelekea mwalimu mkuu jogoo.

Alhamisi, 8 Mei
Nimefungua daftari lake la hesabu. Tarehe ya mwisho 25 Aprili. Vema tano za mwalimu Anjela, yule anayemhesabisha kwa punje za mpunga. Kuanzia hapo — kurasa nyeupe.
Nikamuuliza, unakaa wapi shuleni?
"Kwenye kengele."
Na wenzako wakisoma?
"Kengele."
Siku nzima kakalishwa chini ya ringi anasubiri kuambiwa piga. Na mimi nikatoa jogoo. Nikajisifu mbele ya watu!

Ijumaa, 9 Mei
Nimekwenda asubuhi. Mwalimu mkuu hata hakuona haya. Eti, "Mama, yeye ana furaha, wenzake wanasoma kwa utulivu. Upimaji wa darasa la pili unakuja, mimi naangalia wastani wa shule." Nikamwambia mwanangu nilimwandikisha darasa la pili, sikumwandikisha kwenye ringi. Mwalimu Anjela alikuwa kainama. Akasema polepole kwamba dawati la Evarista la mbele hajampa mtu.
Ilinitosha. Nikatoka, nikachukua nondo, nikaifunga ndani ya kitenge, nikamshika Evarista mkono, tukaingia darasani.

Hiyo hiyo Ijumaa
Naandikia magotini, dawati la nyuma kabisa. Nondo nimeikalia. Evarista yuko mbele, ana punje kumi na mbili anazipanga mbili mbili. Hajakosea hata moja. Nje shule haina kengele, walimu wanachunguliana madirishani.
Mwalimu mkuu yuko mlangoni, kanyoosha mkono. "Mama Evarista, nondo." Siinuki. Kasema tena. Naandika tu, aone nina shughuli.
Evarista kaangalia saa ya mwalimu Anjela pale mezani, kaiangalia sana, halafu kanigeukia.
"Mama, saa nne. Uji."
Mwalimu Anjela kaweka chaki chini. Anasema darasa hili saa bado hajawafundisha.
Mwalimu mkuu anatazama saa yake. Anaitazama tena. Mkono mwingine bado kaunyoosha.