Kanda ya Mwisho ya Wakili

Jumatatu, 3 Machi

Sauti imekauka tena. Tangawizi, chumvi, wapi. Asubuhi mahakamani nimetafsiri kesi ya mbuzi, kisha ya wawili waliotoka kambi ya wakimbizi bila kibali. Alasiri Ujiji, kwenye banda la video la Mzee Rajabu, nimeketi kando ya televisheni natafsiri kanda za kesi za Wazungu. Kesi asubuhi, kesi jioni. Mke wangu anasema hata usingizini naapisha watu.

Kanda ya mwisho ya Wakili, yule mtetezi wa kwenye kanda hizo, imefika kwa treni. Mzee Rajabu ameifungia kabatini, ataionyesha Jumamosi. Mji mzima unabishana kama Wakili atashinda. Watu wa Ujiji bwana! Hajashindwa hata siku moja, bado wanabishana.

Jumatano, 5 Machi

Banda limefurika, ingawa kanda ya leo ni ya zamani. Warundi mbele, wenyeji Wamanyema nyuma, jenereta linanguruma nje. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, lakini mchezo nimeshauzoea. Asiye na hatia yuko kizimbani. Jaji anataka kumfunga. Ndipo aliyeua kweli anainuka kwenye mabenchi, analia, anakiri. Kwenye kanda anasema maneno mengi. Mimi nayakata. Nasema kwa Kirundi, kwa sauti ya kutetemeka: Mheshimiwa, weka kalamu chini. Ni jewe. Yaani ni mimi. Banda linalipuka kila mara.

Kalamu nimeitia mimi. Yule jaji ana nyundo. Nyundo huku nani anaijua? Hakimu wetu ana kalamu, akiinamia karatasi ujue umekwisha. Wamanyema wenyewe wamesema natafsiri kwa akili. Najisikia sana kwa hilo.

Mama Selestini alikuwepo, mstari wa mbele kama kawaida. Mama mtu mzima, amevuka kutoka Burundi na mwanawe mmoja tu, wanaishi Kasingirima. Kiswahili hana. Selestini alikuwa mpagazi wa samaki Katonga. Sasa ni mahabusu, anashtakiwa kuiba mashine ya boti. Nilipotoka akanishika mkono. Mwana wanje, yaani mwanangu, akaniuliza, mahakamani hapa kwetu yule mtu wa kukiri husimama lini?

Nilikuwa nimechoka. Nina njaa. Tena hairuhusiwi kuzungumza kesi na ndugu wa mshtakiwa. Nikacheka. Nikamwambia atasimama tu, mama.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua kutwa. Ziwa limechafuka, boti za kaskazini hazikuja.

Mwenye mashine ndiye shahidi pekee, na amehamia Kagunga, huko kaskazini. Ameitwa mara mbili, kimya. Leo hakimu amesema kesho asipofika anaifuta kesi, kijana aende zake. Nilimtafsiria Selestini maneno hayo polepole, sikioni. Mkalimani humtafsiria mshtakiwa, si mabenchi. Mama yake alikuwa benchini, hakusikia.

Angalau wiki hii kuna mmoja atakayetoka akicheka. Wametuzidi kwa huzuni Warundi hawa.

Ijumaa, 7 Machi

Sitaki kuandika. Naandika hivyo hivyo.

Shahidi hakuja. Mwendesha mashtaka akasema hana shahidi mwingine, akakaa. Hakimu akachukua kalamu, akainama kuandika. Anaandika kuifuta! Nilikuwa nimeshamgeukia Selestini nimwambie. Nyuma yangu benchi likalia.

Mama Selestini amesimama. Amejifunga kitenge cha kanisani. Analia. Akasema kwa Kirundi, kila neno kwa mpangilio wangu: Mheshimiwa, weka kalamu chini. Ni jewe.

Hakimu akanitazama. Mama anasema nini? Nina kiapo. Ningesema anaomba maji, nani angejua? Karani ni mtu wa Songea, mwendesha mashtaka ni mtu wa Singida. Mimi tu. Nikatafsiri. Sauti ile ya kutetemeka ilinijia yenyewe, lakini safari hii ilikuwa yangu.

Askari wakamkamata mikono. Hapo Selestini akapiga kelele kizimbani. Mama anadanganya! Mwacheni! Ni jewe! Nimeiiba mimi!

Hakimu akamwambia akae, afikiri. Akamuuliza mara ya pili, ya tatu, kama anajua anachokisema. Nikatafsiri vizuri mno. Nikaongeza na jicho, kataa, kataa wee. Hakunitazama mimi. Alikuwa anamtazama mama yake mikononi mwa askari. Akasomewa maelezo, akakubali yote. Hata rangi ya mashine akaitaja, na nusura aikosee.

Mwaka mmoja gerezani. Mama wakamwachia, hakimu akasema ni uchungu wa mzazi. Akatoka nje bado haelewi. Alinipita mlangoni akanishukuru. Akanishukuru, mimi! Alidhani kalamu imewekwa chini, mwanawe anamfuata nyuma.

Nimemwacha aende. Sikumwambia. Mwoga mkubwa mimi.

Jumamosi, 8 Machi

Sikutaka kwenda. Mzee Rajabu akaja mwenyewe hadi mlangoni, akasema watu wamekaa tangu adhuhuri, utaniua bwana. Nikaenda.

Kanda yenyewe ya kawaida. Kijana wa kiwanda cha viatu, bosi wake amekufa, Wakili amezeeka na kikohozi juu. Nilitafsiri kama mashine. Ikafika pale. Jaji akainua nyundo. Mwanamke mwenye kofia akainuka benchini, mdomo ukafunguka.

Sauti haikutoka. Si koo. Nilikuwa nayo, haikutoka.

Wakanizomea kidogo. Halafu mmoja nyuma akalisema neno langu, na banda zima likaitikia, Wamanyema, Warundi, watoto wa dirishani: Weka kalamu chini! Ni jewe! Ni jewe! Wanapiga makofi, wanacheka hadi machozi. Wamelijua wote. Nimewafundisha vizuri.

Mahali pa Mama Selestini, mstari wa mbele, palikuwa wazi. Habari ya mwaka mmoja ilikuwa imeshamfikia.

Nimemwambia Mzee Rajabu atafute mtu mwingine. Anadhani nataka kuongezwa malipo.

Jumanne, 11 Machi

Mvua imekatika. Mahakamani kesi moja tu, ikaahirishwa.

Narudi nimemkuta Mama Selestini barazani kwangu, mke wangu amempa uji. Nikamwamkia, nikakaa chini. Nilikuwa nimejiandaa anilaani. Nikamweleza yote. Shahidi, kalamu, kilichokuwa kinaandikwa siku ile. Nikamweleza kwa Kirundi chepesi, asibaki na shaka. Alisikiliza hadi mwisho. Kikombe akakiweka.

Kisha akauliza juu ya kanda ya mwisho, maana hakuiona. Yule kijana wa kizimbani, walimwachia?

Nikasema ndiyo, mama. Walimwachia.

Ana mama?

Kwenye kanda hakuna mama. Nikasema anaye. Nikasema alikuwa benchini muda wote, amekaa kimya, na wakarudi nyumbani pamoja.

Akatikisa kichwa. Akasema huyo alijua kukaa. Akamalizia uji wake, akaniuliza siku za kupeleka chakula gerezani ni zipi. Nikamwambia.